Abiria wa Wabwile

"Wabwile, hao abiria wako hawajawahi kulalamika hata siku moja," Khisa alisema, akiinama kuchungulia chini ya gari. "Sasa breki unabadilisha za nini?"

Wabwile alikuwa amelala chali juu ya gunia, uso umejaa vumbi. Alikaza nati ya mwisho, akafuta spana kwenye suruali, ndipo akajibu. "Wenye kulalamika ni wale wanaobaki, bana."

Lilikuwa gari la kubebea maiti. Mwenyewe alikuwa Mzee Mbogo wa Kitale, lakini gari lililala Bungoma kwa sababu dereva alikaa Bungoma. Kila masika yalipokaribia, Wabwile aliliandaa kwa subira. Alimwaga oili kuukuu akatia mpya. Alisugua vichwa vya betri kwa maji moto. Alinunua waipa za kioo, akazijaribu kwa ndoo ya maji, kisha akazipaka grisi cheni za kufunga kwenye magurudumu wakati wa matope na kuzikunja chini ya kiti. Mwaka uliopita, karibu na Malakisi, gari lilikwama kilimani. Vijana wakabeba jeneza la baba yao begani, wakateleza, likaanguka. Mama yao hakupiga yowe. Alikaa tu chini, kwenye matope, akiliangalia. Tangu siku hiyo Wabwile hakuweza kupuuza hata taa moja iliyoungua.

Khisa alikuwa rafiki, na gereji ilikuwa yake. Lakini hata yeye hakukubali gari hilo lilale penye nyumba yake. Mkewe, Joy, alikataa. Wabwile hakumlaumu mtu. Alizoea.

Wiki iliyofuata alipeleka mwili wa mzee mmoja kijiji cha juu mlimani, mbali kupita Kapsokwony. Mvua ilingoja mpaka kaburi likafukiwa, ndipo ikaachilia. Wabwile alifunga cheni kwenye magurudumu ya nyuma, akaanza kushuka peke yake, polepole.

Kwenye kona moja aliona watu wakimpungia. Walikuwa wamembeba mwanamke kwenye blanketi lililofungwa kwenye miti miwili. Pikipiki iliyokuwa inampeleka ilikuwa imelala mtaroni. Walipotambua ni gari gani, mikono yote ikashuka.

Wabwile alisimamisha gari, akashusha kioo. "Mgonjwa?"

"Ni uchungu wa kuzaa," mama mmoja alisema. Alikuwa na leso ya plastiki kichwani na matope hadi magotini. Jina lake Rosaline, na mwenye kubebwa alikuwa Chepkemoi, mke wa mwanawe. "Tangu jana, na mtoto hatoki. Lakini wewe pita tu. Asante."

"Mama, hospitali ni mbali, na barabara ndiyo hii."

"Nimesema pita! Mjukuu wangu hawezi kuingia duniani kwa mlango wa kutokea."

Wabwile aliushika usukani. Na yeye aliogopa. Kama mwanamke huyu angefia humo, ni nani angeamini kwamba dereva wa maiti alikuwa anasaidia? Angeweza kuondoka, na hakuna ambaye angemlaumu. Mguu wake ulikuwa tayari juu ya kanyagio.

"Mama," sauti ikatoka kwenye blanketi, ndogo, iliyokauka. "Mimi nimechoka. Nipelekeni hata na mkokoteni."

Rosaline alimtazama Chepkemoi kwa muda. Halafu akafungua mlango wa nyuma mwenyewe, kwa nguvu, kana kwamba alikuwa anagombana nao.

"Asilale," aliagiza. "Humu ndani wanalala wengine. Huyu atakaa."

Wakamketisha sakafuni, mgongo ukiegemea kifua cha mama mkwe wake, shada moja la maua lililosahaulika likatupwa nje. Wabwile akatia gia ya kwanza.

Barabara ilikuwa imegeuka uji mwekundu. Gari lilivuta upande wa korongo, cheni zikauma, likarudi katikati. Nyuma, Chepkemoi alikuwa anapumua kama mtu anayepanda mlima.

"Dereva, ongea," Rosaline alisema. "Hii kimya ya humu siitaki."

Wabwile alikohoa. Katika gari hilo hakuwahi kuongea. Hakujua mtu anaanzia wapi.

"Ee... oili ni mpya," akasema. "Nimemwaga ile ya zamani yote."

"Endelea."

"Tairi za nyuma ni mpya. Waipa pia. Betri nimesafisha. Maji ya rejeta yamejaa."

Mteremko mkali ukafunguka mbele yao, maji yakikimbia katikati.

"Na breki?" Chepkemoi aliuliza, meno yameumana.

"Mpya, dada. Nimeweka kwa mkono wangu mwenyewe. Zitashika."

Zikashika. Chepkemoi akapiga ukelele uliojaza gari lote, na Wabwile, jasho likimtoka katika baridi ile, akaendelea kutaja: fenibelti, plagi, taa, springi, kila kitu alichowahi kukigusa kwa spana.

Kwenye lango la hospitali askari hata hakuwaangalia vizuri. Alinyoosha rungu. "Mochari ni huko nyuma."

"Si maiti! Ni mama!"

"Mama gani?"

Chepkemoi alimjibu mwenyewe, kwa sauti iliyomfanya askari aruke na kuangusha rungu. Lango likafunguliwa, wauguzi wakaja mbio na kitanda cha magurudumu.

Wabwile aliegesha kando ya ukuta, akakaa. Mvua ilipungua ikawa manyunyu, kisha ikaacha. Alifungua cheni, akazisuuza bombani, akazitazama zikichuruzika.

Rosaline alitoka jioni, leso ya plastiki mkononi.

"Msichana," alisema. "Kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka shingoni. Daktari anasema tungechelewa kidogo tu..." Hakumaliza. Alizunguka gari, akapapasa bodi yake iliyojaa matope kama anayepapasa ng'ombe mgeni. "Wewe unarudi Bungoma leo?"

"Nilikuwa narudi."

"Kesho asubuhi wakituruhusu, tutahitaji kupanda mpaka nyumbani. Barabara umeiona."

"Kwa gari hili, mama?"

"Kwani umeleta lingine?"

Alirudi ndani bila kungoja jibu. Wabwile akaenda kumwomba askari ufagio, akafungua mlango wa nyuma na ule wa ubavuni, akaanza kufagia. Ukungu ulishuka taratibu kutoka mlimani, ukaingia garini kwa mlango mmoja na kutokea kwa mwingine.