Mpira Uliosimama Kiwanja cha Tatu

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, ambaye kwa amri yake kila kianguacho huanguka na kila kisimamacho husimama, na rehema na amani zimfikie Mtume wake, jamaa zake na maswahaba wake. Haya ndiyo yaliyotokea mjini Taiping, na watu wake ni hawa.

Kwanza ni Mat Desa, muadhini wa msikiti mdogo wa kando ya reli, ambaye kwa miaka thelathini na minne alikuwa pia mtunzaji wa viwanja vitatu vya skwoshi vya klabu ya mji. Kila Jumamosi baada ya sala ya alfajiri alichukua ndoo na kitambaa akafuta alama nyeusi ambazo mipira huziacha katika kuta nyeupe, akianzia juu na kushuka chini. Baada yake ni binti yake Khalijah, aliyejifunza mchezo huo kwa kumsubiri baba amalize kazi, akapanda daraja baada ya daraja hadi akawa bingwa wa Asia mara nne. Siku ya habari hii alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, na goti lake la kushoto lilikuwa limefungwa bendeji. Kisha kocha wake Sivanesan, mtu wa maneno mengi. Kisha Ezrina, msichana wa miaka ishirini, mchezaji hodari asiyehitaji kubebwa, binti wa Dato Rushdan, mwenyekiti wa chama cha mchezo huo. Wa mwisho ni mwamuzi, Bwana Teoh, mtu mwaminifu aliyetembea na kitabu cha sheria mfukoni.

Katika skwoshi wachezaji wawili hupokezana kuupiga mpira mmoja katika ukuta mmoja, na aupigaye baada ya kudunda mara mbili sakafuni amepoteza. Mdundo huo wa pili huwa mdogo na wa haraka, na mara nyingi hakuna aujuaye ila aliyepiga. Kwa hiyo desturi ya wachezaji wa heshima ni kwamba mwenyewe huinua mkono na kukiri.

Khalijah alipokuwa na miaka kumi na mitatu, katika mashindano ya jimbo, aliuwahi mpira kwenye mdundo wa pili akanyamaza. Mpira ulikwenda ukutani, ukarudi, ukasimama hewani katikati ya kiwanja, usawa wa kifua chake, ukakaa hapo. Nje ya mlango baba yake alikohoa. Khalijah akainua mkono, akasema, "Ulidunda mara mbili," na mpira ukaanguka.

Tangu siku hiyo, popote alipocheza, mpira ulioibwa, yaani uliopigwa baada ya mdundo wa pili bila kukiriwa, uwe umeibwa naye au na mwenzake, ulisimama hewani hadi mwenye kuuiba akiri. Ilikuwa hivyo Hong Kong na ilikuwa hivyo Doha. Waandaaji waliliandika jambo hilo katika maelezo ya mashindano, chini ya habari za maji ya kunywa na vyumba vya kubadilishia nguo. Hakuna aliyewahi kuchukua zaidi ya dakika moja kukiri, kwa kuwa ni vigumu kukana kitu kinachoning'inia mbele ya uso wako. Wapinzani walipenda, maana mechi zilikwisha mapema na bila ugomvi.

Waamuzi nao walipenda, na hapo ndipo lilipoingia kosa. Walipoona kwamba mpira wenyewe unatoa habari, waliacha kuitazama sakafu. Bwana Teoh, aliyeziamua mechi za Khalijah kwa miaka kumi na minane, alikuwa na mazoea ya kuinua macho kila mpira uliposhuka chini ya goti, akausubiri hewani.

Mwaka huo nafasi ya kwenda katika Michezo ya Asia ilikuwa moja. Daktari alikwisha kumwambia Khalijah kwamba goti lake lina msimu mmoja tu uliobaki. Chama kikaamua kwamba yeye na Ezrina wacheze mechi moja, Jumapili saa tisa alasiri, katika kiwanja cha tatu chenye ukuta wa nyuma wa kioo, na mshindi ndiye aende.

Wakagawana seti nne. Saa kumi mvua ya kila siku ikaanza kupiga bati, na katika seti ya tano Khalijah akawa na pointi kumi kwa tisa. Alihitaji moja. Akauweka mpira kwa upole katika pembe ya mbele, kushoto. Ezrina akakimbia, akajinyoosha, raketi yake ikakwaruza mbao za sakafu. Mpira ukapanda ukutani, ukarudi, ukasimama.

"Haya, mwanangu, sema," akaita mzee mmoja nyuma ya kioo, mdomo umejaa sambusa ya karipap. "Sema twende zetu, mvua hii itafunga barabara."

Ezrina aligeuka. Baba yake alikuwa safu ya mbele. Dato Rushdan hakutikisa kichwa wala hakukunja uso. Alivua miwani akaifuta.

"Ulikuwa mzuri," akasema Ezrina.

"Umesemaje?" akauliza Bwana Teoh.

"Ulikuwa mzuri. Mdundo mmoja."

Bwana Teoh akakitoa mfukoni mwake kitabu, akakisoma kwa muda. "Mwamuzi huamua kwa alichokiona," akasema. "Mimi sikuona. Mpira haujaanguka, kwa hiyo mchezo unaendelea. Zamu ni ya Khalijah."

"Jah, upige!" Sivanesan alikuwa amesimama juu ya kiti. "Umening'inia kama papai! Bibi yangu angeupiga, na bibi yangu haoni!"

"Kocha, kaa chini."

"Nimekaa tangu saa tisa, makalio yamekufa ganzi! Jah! Upige twende!"

Khalijah aliinua raketi. Ezrina alikuwa bado pembeni mbele, na kiwanja chote cha nyuma kilikuwa kitupu. Pigo moja, nafasi ni yake. Lakini kuupiga mpira ni kushuhudia kwamba ulikuwa mzuri, na katika miaka kumi na minane hakuwahi kuupiga uliosimama. Mkono wake ulikaa juu kwa kitambo. Kisha akaushusha.

"Sipigi," akasema. "Huu ulishakufa."

"Umekufa vipi nao uko hewani?" akauliza Dato Rushdan kwa sauti ya upole, na baadhi ya watu wakacheka.

Atokaye kiwanjani amepoteza, kwa hiyo hawakutoka. Saa kumi na nusu Mat Desa akachukua mwavuli akaenda msikitini, na adhana ya alasiri ikaingia ukumbini pamoja na mvua. Bwana Teoh alipotazama kitabu akakuta kwamba mlango waweza kufunguliwa madhali miguu ya wachezaji imo ndani. Wakapitishiwa ndoo ya maji, beseni, na mavazi mawili meupe ya kusalia. Khalijah akawa imamu kwa kuwa ndiye mkubwa, akasimama safu moja na Ezrina, na mpira ukawa juu ya mabega yao. Walipomaliza kutoa salamu, Ezrina hakuinuka.

"Kak Jah," akanong'ona, kama mdogo amwitavyo dada yake mkubwa.

"Naam."

"Ulidunda mara mbili."

"Najua."

Mpira ukashuka shubiri moja, ukasimama tena. Bwana Teoh akaandika saa na kipimo.

"Mwambie mwamuzi," akasema Khalijah, "si mimi."

"Siwezi. Baba amekaa pale. Ameshawaambia watu wote kwamba nitakwenda mimi, hata wapishi." Ezrina alifuta uso kwa pindo la vazi la sala. "Upige wewe, Kak Jah. Nakuomba. Ukiupiga utashinda. Nafasi utaichukua wewe, na mimi nitakuwa nimefungwa tu, kama mtu yeyote."

"Na uongo wako nitakuwa nimeusema mimi."

"Nani atajua?"

Khalijah akalivua vazi, akalikunja mara nne, akaliweka mlangoni. Akachukua raketi yake, akasimama mbele ya mpira.

Saa kumi na moja kamili Bwana Teoh akatamka kwamba Khalijah anachelewesha mchezo, na kwamba kwa kila robo saa ya kuchelewesha mpinzani hupewa pointi moja. Aliyatamka akitazama ukurasa. Kumi kwa kumi, na wakilingana hapo mshindi ni lazima aongoze kwa pointi mbili. Raketi ya Khalijah ikapanda hadi begani, ikabaki pale, na watu nyuma ya kioo wakaacha kutafuna. Haikushuka juu ya mpira.

Saa kumi na moja na robo ikawa kumi na moja kwa kumi, Ezrina mbele. Sivanesan hakupiga kelele tena. Alikuwa ameketi, akizifungua na kuzifunga kamba za viatu vyake.

Mat Desa alikuwa amerejea, amesimama penye mlango na mwavuli wake ukidondosha maji. "Jah," akasema, "goti linauma?"

"Linauma, Baba."

"Egemea la kulia."

Akaegemea la kulia. Saa kumi na moja na nusu Bwana Teoh akatangaza kumi na mbili kwa kumi, mechi na nafasi kwa Ezrina. Wachezaji wakapeana mikono, wakapita pande mbili za mpira, wakatoka. Mpira haukuanguka.

Ezrina alikwenda katika Michezo ya Asia akarudi na shaba, na picha yake imetundikwa penye lango la klabu. Chama kilimwandikia Khalijah barua nzuri ya kumshukuru kwa utumishi wake. Bwana Teoh siku hizi huitazama sakafu bila kupepesa macho, katika mechi za watoto. Klabu imeongeza kanuni kwamba anayeugusa mpira uliosimama kiwanja cha tatu hurudia pigo bila adhabu, na wanachama wamezoea kucheza wakiuzunguka.

Khalijah huwafundisha wasichana kumi na mmoja katika kiwanja hicho, akiwa ameketi kitini. Ezrina hufanya mazoezi kiwanja cha kwanza. Jioni moja ya Ramadhani, kabla ya futari, alisimama mlangoni na begi lake begani.

"Kak Jah, haujashuka tena?"

"Haujashuka."

Ezrina aliingia, akaugusa kwa ncha ya kidole. Mpira wa skwoshi ukiachwa hupoa kwa dakika chache, lakini huo ulikuwa wa moto, kama uliotoka ukutani sasa hivi. Akafumbua mdomo. Huko nje gari la baba yake likapiga honi mara moja. Akaufumba, akamuaga Khalijah kwa adabu, akatoka.

Mola awalinde waliobaki: amponye mwenye goti bovu, amfungulie ulimi aliyefungika, awahurumie wazazi waliokaa nyuma ya kioo, na awape macho wale wote wanaopita kando ya mpira huo kila siku wakaona ni kawaida. Amin.