Maji ya Mkunazi

Alhamisi, baada ya swala ya alasiri, Shurie alikuwa akichekecha unga wa mkunazi kwa ncha ya shela kuukuu. Majani alikuwa ameyakausha kivulini na kuyatwanga mwenyewe. Wasomali huuita unga huo qasil, na hakuna mwanamke wa Garissa aliyekua bila kuupaka usoni. Akatia maji kidogo, akakoroga kwa kidole mpaka ukatoa povu na kushikana kama uji mzito, akaongeza manjano kiasi cha kucha. Kisha akajipaka kuanzia paji la uso hadi shingoni, akaketi kizingitini akingoja ikauke. Qasil ikiwa usoni hucheki, maana ukicheka inapasuka. Mwaka ule kutocheka hakukumpa mtu taabu.

Ulikuwa mwaka wa kufungiwa. Vita vya shifta vilikuwa havijaisha, na serikali ilikuwa imewatoa wafugaji porini na kuwaweka vijijini ndani ya ua wa miba na seng'enge, ili ijulikane nani raia na nani shifta, yaani mwasi. Kijiji cha akina Shurie kilikuwa kando ya mto Tana, njia ya Balambala. Kila asubuhi majina yaliitwa langoni, na asiyeitika alihesabiwa kuwa yuko msituni na bunduki. Ngamia nao walifungiwa humo humo. Wakala ua, wakapigwa marufuku kula ua, wakafa.

Dubow, mume wa Shurie, alikuwa ametoka kabla lango halijafungwa, kufuata ngamia waliopotelea upande wa Diff. Alisema atarudi Ijumaa. Hakusema Ijumaa ipi, na Shurie alikuwa mwanamke wa kuchukua maneno kama yalivyosemwa. Kwa hiyo kila Alhamisi alijiandaa.

Kulikuwa na sababu nyingine. Mjane hajipambi, huvaa nyeupe na kuuacha uso wake ulivyo. Uso wenye manjano ulikuwa jibu kwa kila aliyetaka kuuliza. Na waliotaka kuuliza walikuwepo, kwa sababu Dubow alikuwa na mdogo wake, Yarow, na mila yasema mjane hurithiwa na shemeji. Yarow hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mke mmoja, tena aliyemtosha kabisa, lakini mila ni mila, na wazee walikuwa wameanza kukohoa kila walipopita mlangoni pa Shurie.

Vioo vilichukuliwa na askari, maana ilisemekana hupeleka ishara msituni. Kioo cha Shurie kikawa mama mkwe wake, Maka, kikongwe asiyejua kumpamba mtu kwa maneno. Shurie akishaosha uso, Maka humtazama na kumwambia palipobaki unga.

Alhamisi hiyo Shurie alijisuuza, akainua uso. Maka akamtazama kuliko kawaida.

"Hiyo si sura yako," akasema. "Ni ya Nunow, mume wa Fatumo. Kaa hivyo hivyo, nimwite mwenyewe."

Fatumo akaja na unga wa mahindi mikononi. Macho yalikuwa ya Shurie. Mengine yote yalikuwa ya Nunow, masharubu, jino lililokatika, vumbi jekundu kwenye ndevu, na tundu chini ya jicho la kulia ambalo Fatumo hakulijua. Akaweka kidole kandokando yake, kisha akaketi chini.

Akaitwa Sheikh Nuh, ambaye ndiye aliyewaosha maiti wa ukoo ule tangu ndevu zake zilipokuwa nyeusi. Alimtazama Nunow, akamtolea salamu wanayotolewa wafu. Akaeleza kwamba hapakuwa na jambo la kuwashughulisha akili. Maiti wa Kiislamu huoshwa kwa maji ya mkunazi. Hao wamelala porini hawakuoshwa, wamesikia harufu ya mkunazi, wamekuja. Kila mtu hufuata haki yake.

"Msiulize wamefikaje," akasema. "Ulizeni kama maji yapo."

Maji yalikuwepo. Fatumo akakoroga qasil iliyobaki, akamwosha mumewe upande wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, akarudia, akarudia tena. Maji ya mwisho yalipotiririka, sura ya Shurie ilikuwa imerudi mahali pake, baridi kidogo. Wakasali. Jioni hiyo hiyo Fatumo akavaa nyeupe.

Tangu hapo Alhamisi zikawa hivyo. Mara mzee, mara kijana, mara mtu wa kijiji kingine ambaye Sheikh Nuh alimwosha mwenyewe na kumwombea kwa jina la Adamu, baba wa wote. Wanawake walikuja na madumu yao na kusubiri nje. Wengine walikuja wakitaka kuona, wengine walikuja ili wasione.

Shurie alikuwa akifumba macho akingoja Maka aseme jina. Aliogopa jina moja tu. Likitajwa jingine alifurahi, moyo ukamruka kabisa, kisha akaona haya, kwa kuwa mke au mama wa mwenye jina hilo alikuwa amesimama hapo hapo na dumu lake. Siku moja Fatumo alimuuliza kwa nini haachi. Shurie akajibu kwamba akiacha kujipaka atakuwa amemzika Dubow kwa mkono wake, na hajaonyeshwa kaburi.

Habari hazina lango. Zikamfikia sajini aliyekilinda kijiji, mtu wa bara, mwenye kupiga viatu vyake rangi kila siku katika nchi ya vumbi. Kambini alikuwa amefundishwa kwamba adui hujipaka uso ili asionekane vichakani, hivyo aliposikia wanawake wanajipaka, akaona mambo yamejieleza. Akaja Alhamisi na askari wake. Akamkuta Shurie ameketi na sura ya Keinan, mwana wa Muslimo, kijana aliyekuwa akichota maji mtoni na kuyabeba kwa punda ili kuyauza.

Sajini akamwomba Keinan kipande cha utambulisho. Keinan hakuwa nacho. Sajini akainama kumtazama vizuri, akavua kofia, akakaa nayo mkononi, akaivaa tena.

"Huyu alikimbia," akasema. "Tulimwona akikimbia."

Muslimo, aliyekuwa na maji tayari, akauliza kwa Kisomali kama mtu anayekimbia hupigwa risasi ya paji la uso. Hakuna aliyemtafsiria. Akamgeuza mwanawe upande wa kulia, akaendelea kumwosha, na askari walisubiri mpaka akamaliza, kwa kuwa hata wao walikuwa wamezaliwa na mama.

Kesho yake ikatoka amri. Kupaka uso marufuku, ni rangi ya vita. Mikunazi yote ya kando ya mto ikakatwa ikachomwa, na moshi wake ukaingia vibandani ukinukia vizuri sana. Askari wakapekua na kumwaga kila kibuyu cha qasil walichokiona. Ya Maka hawakuiona. Ilikuwa fundo dogo kwenye ncha ya shuka yake, kiasi cha uso mmoja, alichojiwekea kwa ajili ya siku yake mwenyewe.

Maka alilishika fundo lile Alhamisi moja, akalishika ya pili. Kulifungua ni kuuliza, na mwenye kuuliza hujibiwa. Alikuwa amezaa watoto wengi na kubakiwa na wawili, Dubow na Yarow. Shurie hakumwomba. Alikaa tu kizingitini wakati wake ulipofika, uso mkavu, mikono mapajani.

Wazee wakapita, wakakohoa. Ndipo Maka akalifungua fundo.

Unga ulikuwa wa zamani na haukutoa povu jingi. Shurie akajipaka akiwa ndani, mlango umefungwa kwa mkeka. Ikakauka, ikamvuta ngozi. Akajisuuza kidogo, akafumba macho, akangoja jina.

Maka hakusema jina. Shurie akapandisha mkono, akagusa kidevu. Palikuwa na kovu, lile alilolipata kwa teke la ngamia utotoni, ambalo Shurie alikuwa akilipitishia kidole gumba kila Dubow alipolala. Akalipitishia kidole gumba. Juu yake, kwenye shavu, palikuwa na jambo jingine, na hapo hakupagusa.

"Nyusi zina vumbi," akasema Maka.

Shurie hakulia, kwa kuwa hakutaka kulia kwa uso wa mtu mwingine. Mke anaruhusiwa kumwosha mumewe, na hakukuwa na haja ya kumwita mtu. Akasuuza kuta za bakuli kwa maji, akapata maji ya mkunazi membamba. Akaosha shavu la kulia, kisha la kushoto, polepole. Vumbi lilikuwa jingi. Akarudia. Lilipobaki osho la mwisho akashusha mikono.

"Hooyo," akasema, yaani mama, kwa sauti yake mwenyewe katika kinywa cha Dubow. "Mtazame kwanza."

Maka akasogea mpaka magoti yao yakagusana. Akamtazama mwanawe. Akamtoa unga sikioni, akamlaza nywele, akamkemea kidogo kwa kukonda. Jua likashuka. Shurie alijua kwamba akimimina, Dubow ataondoka na hatarudi tena, na akaona kwamba angeweza kukaa hivyo maisha yake yote, bila uso wa kwake, na asilalamike. Mikono yake ikakauka mapajani.

Ndipo Sheikh Nuh akaadhini magharibi. Siku ya Waislamu huingia jua linapozama, na kila mtu kijijini alilijua hilo isipokuwa wenye lango.

"Imeingia Ijumaa," akasema Maka. "Mwanangu hakuwa mwongo. Mwoshe sasa, asichelewe."

Shurie akamimina.

Asubuhi akaenda langoni amevaa nyeupe. Majina yakaitwa. Likaitwa la Dubow, na hakuna aliyeitika. Sajini akamtazama Shurie, na pengine aliitazama nguo zaidi kuliko uso, maana nyuso za kijiji kile alikuwa ameacha kuzitazama.

"Mume wako yuko wapi?"

"Bwana yangu nimeosha," akasema Shurie. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni.

"Umemwosha wapi?"

Akagusa shavu lake. "Hapa. Jana."

Sajini akasema serikali haijatangaza kifo cha Dubow, na mtu hawezi kumlilia asiyekufa. Akamwamuru avue nyeupe. Mume wake yuko porini.

Shurie akalifikiria neno hilo, akaliona ni la kweli.

"Ndiyo," akasema. "Iko bori. Iko bori tu, hapana toka."

Sajini akaridhika. Mke amekiri mwenyewe mbele ya watu kwamba mumewe yumo porini na wale shifta. Kibaba cha mahindi cha siku hiyo hakupewa, wala cha siku zilizofuata. Mwezi ule ule Yarow alichukuliwa kwa kuwa ndugu wa shifta, akapandishwa lori. Hakuna aliyeambiwa lilikokwenda.

Nyeupe Shurie aliivua langoni na kuivaa nyumbani, kila siku, mpaka eda ikaisha. Fatumo na Muslimo walimgawia chakula chao. Alhamisi, baada ya alasiri, Maka alikuwa akitoka kwenda hadi kwenye seng'enge kutazama visiki vya mikunazi upande wa mto, kama kuna kilichochipua. Askari wa zamu alimuuliza anatafuta nini. Maka akamwambia ana mtoto mmoja bado hajaoshwa.