Zimwi Lililokata Uzio Mwezi wa Tano

Barua ya mwenyekiti ilifika Jumatatu, ina mihuri mitatu, na Detlev Hasenkrug akaisoma mara mbili. Hiyo ni heshima ambayo hajawahi kuipa hata riwaya yake mwenyewe.

"Falko," akaniita juu ya uzio, "njoo uniambie kama nimeelewa vibaya."

Alikuwa ameelewa vizuri tu. Chama chetu cha bustani, Jembe na Amani, hapa nje kidogo ya Gera, kina sheria kurasa arobaini na nane, na ya kwanza kabisa ni kwamba theluthi ya kila kibustani iwe mboga na matunda. Kibustani cha Detlev, namba ishirini na tatu, kilikuwa na kibanda, kiti kimoja, magugu ya kiunoni, na mtofaa aliourithi kwa mpangaji aliyekufa. Ukaguzi ni Jumamosi saa nne. Akikutwa hivyo, mkataba unavunjwa na anarudisha ufunguo wa kibanda.

Mtu mwingine angesema kibanda ni mbao tu, atajenga kingine. Lakini Detlev ana riwaya mia na kumi na saba, na zote zimetoka humo. Majoka, mazimwi, panga zinazoongea, wafalme wenye laana. Alianza akiwa fundi wa kiwanda cha vifungo, anaandika nyuma ya karatasi za zamu, na tangu hapo hajapumzika: nne kwa mwaka, mwaka wa mafua tatu. Nusu yake hazikumbuki. Kuna mfalme mmoja kamuua katika vitabu vitatu tofauti, na kila mara raia wanalia upya kana kwamba hawajazoea. Ndiyo maana mimi, jirani yake wa namba ishirini na mbili, niliyesomea historia mihula kumi na moja nikatoka na kadi ya maktaba tu, namtunzia sanduku la kadi: nani yu hai, nani amekufa, nani ana jicho moja na ni lipi.

Alishajaribu kuandikia nyumbani. Ukurasa wa pili shujaa akaanza kuchemsha supu, kwa sababu Roswitha, mkewe, alikuwa anachemsha supu. Akajaribu maktaba ya mji. Jeshi zima la mazimwi likavamia ngome kwa kunong'ona. Na sasa riwaya ya mia na kumi na nane ilikuwa imefika katikati.

"Siku tano," akasema. "Kabichi inaota siku ngapi?"

"Zaidi ya tano."

"Kitabu cha arobaini niliotesha msitu kwa filimbi."

"Basi wewe piga filimbi, mzee. Mimi naenda sokoni."

Ijumaa nikarudi na karoti, figili, vitunguu majani na kabichi kumi na mbili. Mpango ulikuwa rahisi: tuzike, tumwagie maji, tunyamaze. Kosa langu ni kumwachia Detlev jembe nikaenda kujaza ndoo. Niliporudi, karoti zote zilikuwa zimesimama ncha juu, kama meno ya papa, na katikati ya kitalu limekaa nanasi.

"Hilo umelitoa wapi?"

"Kwa Roswitha. Lilikuwa la keki."

"Mzee, hapa ni Gera, nchi ya theluji! Nanasi hapa linaotaje?"

"Haliwezi kuota," akakubali. "Lakini kila hadithi inataka ajabu moja kubwa katikati, ndipo msomaji ameze zile ndogo."

Nilicheka mpaka nikakalia figili. Kwa hiyo lawama ya figili ni yangu.

Jumamosi saa nne kamili mwenyekiti akasukuma geti. Volkmar Zirbel: soksi nyeupe hadi magotini, kandambili za ngozi, futi ya chuma kiunoni, chunjua kwenye kidevu. Nyuma yake Bi Uhlig, katibu, na ubao wake wa kuandikia.

Zirbel akang'oa karoti, akaigeuza juani.

"Hii karoti imeoga."

"Udongo wa mchanga huo, Mwenyekiti," nikasema.

"Na ilikuwa imesimama kichwa chini."

"Ni mbegu ya zamani," akasema Detlev. "Ya kabla ya vita."

"Vita gani?"

Detlev akataja vita vya kitabu cha sitini na mbili. Zirbel akahamia kwenye kabichi, akainama, akasoma kibandiko. "Andika, Bi Uhlig. Kabichi imetoka Uhispania."

"Niiandike mgeni au mwanachama?"

Halafu akaliona nanasi. Akalizunguka mara mbili, akatoa futi, akalipima. "Sentimita thelathini na moja."

"Nalo niliweke wapi?"

"Mengineyo," akasema Zirbel, na sauti yake ilikuwa imechoka.

Nikafungua mdomo kutetea, akainua mkono. Kisha akatoa kitabu mkobani. Kilikuwa cha mia na tisa, kimejaa vijikaratasi vya njano, na kile kitabu nakijua. Humo kuna zimwi linaitwa Zirbo. Linalinda daraja, linavaa soksi nyeupe, na linapima wasafiri kwa futi kabla ya kuwala. Miaka mitatu nyuma Zirbel alikuwa amemwandikia Detlev onyo kwa kugonga taipu saa za utulivu, saa saba hadi saa tisa mchana, ambazo hapa hata nyundo inalala. Detlev akalipa kisasi kwa njia anayoijua.

"Hili zimwi ni mimi," akasema Zirbel.

"Ni bahati mbaya tu ya kufanana," akasema Detlev.

"Linaitwa Zirbo. Lina chunjua hapa."

"Machunjua ni mengi duniani, Mwenyekiti."

"Nani kalalamikia chunjua? Mke wangu anasema sura umenipendelea! Fungua ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili. Soma."

Detlev akasoma: "Asubuhi moja ya mwezi wa tano, zimwi likatwaa shoka, likaukata uzio wa vichaka wa pale darajani mpaka vikabaki visiki." Akainua macho. "Ndiyo?"

"Mwezi wa tano!" Sauti ya Zirbel ikakatika. "Ndege wanaatamia humo! Machi mosi mpaka mwisho wa Septemba hakuna mtu anayekata uzio, ni sheria ya nchi! Miaka thelathini na moja sijagusa uzio wangu kabla ya Oktoba mosi, Bwana Hasenkrug. Leo nikienda kuchoma soseji watu wananikwepa. Wiki iliyopita mtu kaniwekea kiota kitupu mlangoni!"

Kile kiota nilikiweka mimi. Nikaanza kutazama mawingu.

Zirbel akapenga kamasi, akakunja leso pembe nne. "Nakupa hadi Oktoba mosi. Mboga za kweli, zilizoota hapa hapa. Na kitabu kipya kinisafishe jina. La sivyo, ufunguo mezani."

"Kwani umefika kitabu cha ngapi?" nikamuuliza.

"Mia na kumi. Mimi nasoma kwa mpangilio."

Detlev akanitazama. Mimi nikamtazama Bi Uhlig, ambaye amevisoma vyote. Naye akaanza: "Lakini Zirbo si ali..." Nikamkanyaga mguu.

"Ali nini?" akauliza Zirbel.

"Alinawiri," akasema Bi Uhlig, machozi yanamlenga. "Alinawiri sana."

Kwa sababu kitabu cha mia na kumi na moja, ukurasa wa arobaini, Zirbo anamezwa na joka. Mzima mzima, na futi yake.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hawakusema lolote kuhusu zimwi linalokusoma kwa mpangilio.

Detlev akaanza kulima. Alipanda karoti kwa mbegu, safari hii akafuata maelezo ya pakiti, na akawa anazisomea kurasa jioni. Upande wa mboga ulikwenda. Upande wa zimwi ulikwama.

"Mtoe tu tumboni," nikamwambia siku moja ya Julai. Ilikuwa saa saba na nusu mchana, joto kali, chama kizima kimelala kwenye machela, na sisi wawili tuko kibandani tunanong'ona. "Mfalme umemfufua mara mbili!"

"Mfalme nilimfufua kwa kusahau. Hiyo ni halali. Kumfufua mtu unajua kabisa kwamba amekufa, huo ni utapeli, Falko. Msomaji anaunusa."

"Msomaji mmoja atanusa ufunguo wako."

Mara mlango ukapigwa ngumi, kibanda kikatikisika, kadi zikamwagika.

"Nimemezwa!"

Alikuwa Zirbel, kitabu cha mia na kumi na moja mkononi, soksi moja imeshuka. Watu wakainuka kwenye machela bustani nzima. Bi Uhlig akatokea mbio na ubao wake.

"Mwenyekiti, ni saa saba na nusu."

"Nimemezwa, Bi Uhlig! Ukurasa wa arobaini! Na wewe ulisema nimenawiri!"

"Kelele, saa za utulivu," akaandika Bi Uhlig. "Onyo la kwanza."

"Ulikuwa unajua," Zirbel akamwambia Detlev. "Ulinitazama usoni ukijua nimo tumboni. Toa ufunguo."

Detlev hakubisha. Akaunyoosha mkono kwenye msumari, akautoa ufunguo, akamkabidhi. Akaitazama taipu yake kama mtu anayemuaga ng'ombe. Mimi nikaokota kadi ya Zirbo sakafuni na kuisoma kwa sauti, angalau kuchelewesha mambo.

"Zirbo. Alimezwa na joka Mordraga, daraja la kusini, jua likiwa utosini, kwa kishindo kilichosikika mabonde saba."

"Rudia," akasema Zirbel.

"Kwa kishindo kilicho..."

"Jua likiwa wapi?"

"Utosini."

Zirbel akatulia. Akaivuta soksi juu taratibu. "Majira ya joto, hapa kwetu jua linafika utosini saa saba na dakika kumi na saba."

"Ee?"

"Saa za utulivu! Kishindo cha mabonde saba, ndani ya saa za utulivu! Huyo joka alikuwa na kibali?"

Nikageuza kadi nyuma. "Hakuna kibali hapa."

"Basi kitendo ni batili. Sheria ya kumi na nne. Chochote kilichofanywa kwa kelele saa hizo kinarudishwa kama kilivyokuwa."

"Batili," akaandika Bi Uhlig. "Joka limtapike."

Detlev alishakaa kwenye taipu. Macho yalikuwa yamewaka kama ya mtoto aliyeona karanga. "Si utapeli," akawa anasema peke yake, "si utapeli kabisa, ni rufaa!" Vidole vikapaa juu ya herufi. Kisha akaiona saa ya ukutani. Saa nane kasorobo.

Sote tukamtazama Zirbel.

"Saa tisa," akasema mwenyekiti.

Basi tukakaa. Detlev kitini, Bi Uhlig kwenye sanduku la kadi, mimi kwenye ndoo, Zirbel mlangoni na kitabu chake magotini. Saa moja na robo, hakuna aliyekohoa. Detlev vidole vikawa vinamcheza hewani, na Zirbel akawa anavitazama kwa mashaka kama navyo vinapiga kelele. Kengele ya kanisa ilipogonga ya mwisho, mwenyekiti akaurudisha ufunguo kwenye msumari kwa mkono wake mwenyewe.

"Andika," akasema.

Oktoba mosi asubuhi Zirbel alikuja na makasi ya uzio, ya kwake, yamepakwa mafuta. Alikuwa ameshazisoma kurasa mpya. Zirbo anatoka tumboni na muhtasari wa kikao, joka linatia saini, theluthi ya mlima wake inalimwa figili, na uzio wa darajani unaota upya mpaka vuli. Alikuwa amesahihisha jambo moja tu kwa kalamu nyekundu: urefu wa uzio, mita moja na robo.

Akang'oa karoti zetu. Zilikuwa saba. Kubwa kuliko zote ilikuwa kama kidole cha mwisho, na ilikuwa na udongo. Akaipima.

"Sentimita sita. Mwanachama," akamwambia Bi Uhlig.

"Na lile?" Bi Uhlig akaonyesha katikati ya kitalu. Nanasi lilikuwa limeshanywea, limekaa upande, lakini bado lipo, maana hakuna aliyethubutu kung'oa kitu kilichokwisha kuandikwa.

Zirbel akairudisha futi kiunoni.

"Liache," akasema. "Tusije tukaharibu hadithi."