Ini la Simbilisi

Dada yangu Nélida yuko mwaka wa mwisho chuoni, mjini Cusco. Anasoma mambo mawili kwa pamoja: desturi za watu, na wanyama. Mjomba Eleuterio aliposikia alicheka hadi akamwaga chicha, pombe yake ya mahindi.

"Kwa hiyo mimi na llama wangu utatupima kwa mizani moja?"

"Kila mmoja ana mwalimu wake, mjomba."

Safari hii alirudi kijijini kuandika habari za Mzee Teófilo, mganga wetu. Yeye humsugua mgonjwa kwa simbilisi mweusi aliye hai, kisha humpasua mnyama na kusoma ndani yake ugonjwa wa mtu. Mwalimu wa desturi alimwonya dada: tazama, uliza, usiingilie. Na mzee akaahidiwa hivyo hivyo.

Ndipo mama akaanza kuumwa ubavu wa kulia. Macho yakawa ya njano, chakula hakikai tumboni. Daktari wa zahanati alisema apelekwe Cusco akapasuliwe haraka, la sivyo atakufa. Dada alimbembeleza, mama akakataa katakata.

"Mimi si kiazi cha kumenywa. Niitieni Teófilo."

Mzee akaja Ijumaa asubuhi. Simbilisi nilimkamata mimi, kati ya wale ninaowafuga jikoni. Niliacha shule darasa la nne, na hiyo ndiyo kazi yangu. Mzee alimsugua mama kichwani, tumboni, mgongoni, mpaka mnyama akafia mikononi mwake. Akampasua, akamsuuza kwenye bakuli la maji, akainama.

"Ni hofu," akasema. "Uliteleza pale kijitoni, roho yako ikabaki huko. Tutaiita irudi. Kisu cha nini?"

Mama akatabasamu. Sikuwa nimeyaona meno yake wiki nzima. Halafu akamgeukia dada. "Na wewe, mwanangu? Umewapasua wengi huko chuoni. Unaona nini?"

Mzee akamsogezea bakuli kwa utani. "Haya, msomi. Tusomee."

Nilichungulia. Ini lilikuwa safi, kama la simbilisi yeyote ninayemchinja sikukuu. Dada akainama juu ya bakuli.

"Hapa," akasema, akiweka kidole juu ya ini. "Kuna jiwe. Anasema likatolewe mjini, upesi."

"Simbilisi ndiye anasema?"

"Ndiye, mama."

Mama akafumba macho. "Basi nifungashieni nguo."

Mzee Teófilo hakubisha. Alifuta kisu chake taratibu, na mlangoni akamwambia dada kwa sauti ya chini, "Ungeninong'oneza tu, binti. Ningeiita roho yake, na mjini ningempeleka pia."

Dada akaenda kukunja nguo za mama.

Jumamosi mjomba akampeleka mama Cusco. Hospitalini wakasema atapasuliwa Jumatatu. Jumapili, Mama Fortunata, jirani yetu, akabisha hodi. Mgongoni alibeba mjukuu anayechemka homa, na ndani ya shali simbilisi mweusi.

"Mzee anasema hasomi tena. Anasema msomaji yuko hapa."

"Mpeleke mtoto zahanati, Mama Fortunata," dada akasema.

"Nitampeleka ukiniambia. Kwanza mpasue huyu, umsome."

"Mimi sijui kusoma hivyo."

"Yule wa mama yako ulimsomaje?"

Dada akanitazama. Hapa kwetu neno halilali. Angesema ukweli, ungefika Cusco siku ile ile, na mama angeshuka kitandani kabla ya kupasuliwa. Mtoto alikuwa anakoroma mgongoni mwa bibi yake.

Dada akampokea mnyama, akaniomba kisu.