Msusi na Farasi Aitwaye Karani

Wateja walimwita Mama Chanuo. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja, ubavuni mwa fundi viatu, na vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya msusi yeyote mtaani. Mdomo wake ulikuwa mwepesi zaidi. Mambo ya farasi alikutana nayo kwa bahati tu: mteja wake mmoja alihamishwa kikazi akiwa ameshalipia mafunzo ya mwezi mzima, akamwachia nafasi yake.

Siku ya kwanza alikwenda ili apate cha kusimulia saluni. Alirudi kimya, macho yanang'aa, anatembea miguu imetanuka kama bado kuna kitu katikati. Mumewe, fundi friji, alimuuliza kama ameanguka.

"Nimeanguka, ndiyo," alijibu. "Nimempenda."

"Nani?"

"Farasi, mume wangu. Kunywa chai yako."

Mwezi ulipoisha, alimfuata mwalimu kuulizia bei ya kuendelea. Mwalimu alikuwa mzee aliyestaafu kikosi cha farasi cha polisi, mtu ambaye hata salamu aliitoa kama amri. Akataja bei. Mama Chanuo akacheka sana, kisha akagundua anacheka peke yake.

"Mwalimu, hiyo sina wala sitakuwa nayo. Lakini nikiacha sasa, yote yatanitoka."

"Yatakutoka ukikaa kama gunia," mzee alisema. "Anayejifunza ni mwili, na mwili unakwenda nao nyumbani bila malipo. Visigino chini, mgongo wima, macho mbele. Kila siku! Na Jumamosi njoo usafishe mabanda. Ukimaliza, nakupandisha juu ya Karani."

Karani alikuwa farasi mzee wa kahawia ambaye hakuna mwanafunzi aliyemtaka. Jina alilipata kazini. Ukimwomba jambo, husimama kwanza, akatazama mbali, akapumua, kama anayetafuta faili lililopotea. Akiona linafaa, ndipo huinua mguu.

Basi Mama Chanuo akaanza kujifunza kupanda farasi bila farasi. Akisubiri maji yachemke, alisimama ukingoni mwa ngazi ya mlango wa jikoni kwa nusu ya nyayo, visigino vikining'inia. Akisuka, alikaa kwenye kigoda kirefu, mgongo umenyooka, hata wateja wakadhani amejiunga na jeshi. Na jioni alipanda mkono wa sofa, mguu huku na mguu huku, akajiamrisha kwa sauti: "Inuka! Kaa! Inuka! Kaa!"

Chumba cha pili alilala mama mkwe, aliyehamia kwao tangu afiwe na mumewe. Siku ya tatu ya kusikia sofa likilia, alimwita mwanawe pembeni.

"Mwanangu, mkeo hajambo?"

"Hajambo, mama. Anajifunza farasi."

"Mbona mimi namwona anapanda kiti?"

Kulikuwa na somo la mikono pia. Mwalimu alisema hatamu hushikwa kwa upole, maana ule mkanda unaishia mdomoni mwa kiumbe. Nyumbani hakukuwa na mdomo wa kufanyia mazoezi, ila kulikuwa na friji. Mama Chanuo akafunga mkanda wa gauni kwenye mpini wa friji, akavuta kiti, akaketi na kushika ncha zake. Hesabu ilikuwa rahisi: mlango ukifunguka, umevuta kwa nguvu mno. Alikaa hapo kwa utulivu kabisa, macho mbele, akinong'ona, "Taratibu, baba, taratibu," mpaka mama mkwe alipotokea mlangoni. Mama Chanuo akashtuka. Mlango ukafunguka kwa kishindo, trei ya mayai ikaruka, na mtungi wa maziwa ukaifuata.

Mama mkwe alitazama sakafu, akatazama mkanda, akamtazama mkwewe.

"Mwanangu," alisema kwa huruma, "kama ni njaa, si useme?"

Jumamosi zilikuwa za samadi na jasho, ila alizipenda. Alizoa, akafagia, akabeba ndoo, kisha akampiga brashi Karani. Hapo ndipo alipopata tabu. Nywele za shingoni mwa Karani zilikuwa zimefungamana, zina majani makavu, na moja au mbili zilikuwa na kitu ambacho hakutaka kukijua. Alivumilia majuma mawili. La tatu, vidole vikakataa. Alitoa chanuo mfukoni, akazichambua, na kabla hajajua anafanya nini, Karani alikuwa na misuko midogo shingo nzima, imelingana kama shanga.

"Nani kamfanya hivi?" Sauti ya mwalimu ilitoka nyuma yake.

"Mimi, Mwalimu. Nitafumua."

"Usiguse!" Mzee alizunguka farasi mzima, mikono mgongoni. "Jumamosi ijayo kuna maonesho. Farasi watano wasukwe hivi hivi. Utaweza?"

"Wateja wangu huwa wanaongea kutwa nzima, Mwalimu. Hawa kwangu ni likizo."

Wakakubaliana alipwe kwa masomo. Siku moja kabla ya maonesho, Mama Chanuo alifunga saluni, akasuka farasi wote watano, na kwa kuwa hapendi kazi nusunusu, akawapaka mafuta ya nywele, yale mazuri, yenye harufu ya matofaa.

Asubuhi alikuta farasi wa banda la jirani na Karani anatafuna kwa utulivu. Misuko ya Karani, kuanzia masikioni hadi katikati ya shingo, ilikuwa imeliwa.

Alishika kichwa. Kisha akakumbuka yeye ni nani, akafungua mkoba wa kazi, akatoa nywele za bandia za rangi ya chokoleti. Mwalimu alipofika kumchukua Karani, shingo ilikuwa imejaa kuliko jana. Mzee aliitazama mara mbili. Alipanda, akaongoza msafara.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka mwamuzi, bwana mmoja mwenye kipara kinachong'aa, alipomsogelea Karani. "Nywele nzito hizi kwa umri wake," alisifu, akazipapasa. Msuko mmoja ukabaki mkononi mwake.

Mama Chanuo, pale kwenye uzio, alitamani ardhi impokee. Lakini mwalimu hakupepesa jicho.

"Uzee, bwana," alisema. "Zinamtoka."

Mwamuzi akajishika kichwa, akaurudisha msuko kwa heshima. "Namwelewa kabisa," alisema, akaandika alama.

Mafuta ya matofaa yalipigwa marufuku siku hiyo hiyo, lakini masomo aliyoahidiwa alipewa yote. Na hapo ikaonekana kwamba mwili wa Mama Chanuo ulikuwa umejifunza kweli. Aliinuka na kukaa pamoja na farasi, wala hakumvuta mdomo. Mama mkwe aliposikia sifa hizo, alitaka kushuhudia mwenyewe. Alisimama kwenye uzio katika nguo zake za kutokea, na mbele ya macho yake Karani, kwa sababu anazozijua yeye, aliamua kupiga shoti. Mama mkwe alifunika uso kwa viganja, akachungulia kati ya vidole. Mama Chanuo alizunguka uwanja mzima akipiga kelele, na ilichukua muda kutambua kwamba zilikuwa kelele za furaha.

"Mwalimu, tena!" alisema, akihema.

Njia nzima ya kurudi mama mkwe alimgombeza: mama mzima, mke wa mtu, angevunjika shingo, mwanawe angeambiwa nini? Walipokaribia nyumbani akarekebisha kilemba.

"Yule mwalimu wako," alisema. "Ana mke?"

"Alifiwa zamani, mama."

"Nimeuliza tu."

Ijumaa iliyofuata, Mama Chanuo alifika saluni akamkuta mama mkwe ameshaketi kwenye kiti cha wateja, kilemba mapajani.

"Suka vizuri," aliamuru. "Na hayo ya matofaa nipake kidogo."