Mwanamke wa Kibao cha Getini

Jumanne moja ya Julai, asubuhi, nje ya geti la ofisi fulani huko Mfaranyaki, Notburga aliwasha jiko la mkaa, akabandika birika la chai, akapanga vitumbua kwenye sinia, kisha akaning'iniza vitenge vyake kwenye kamba. Vitenge hivyo haviuzwi, vinaazimwa. Mwanamke akifika na nguo isiyoruhusiwa, anajifunga kimoja, anaingia, anamaliza shida yake, anakirudisha, na kama amelelewa vizuri anakunywa chai. Songea mwezi wa saba ni baridi tupu, kwa hiyo wengi huonekana wamelelewa vizuri.

Kando ya geti pana kibao. Kimechorwa mwanamke mwenye sketi fupi ya bluu, amekatwa na alama kubwa ya X nyekundu, na chini yake maandishi yanasema mavazi haya hayaruhusiwi. Mchoraji alikuwa na haraka zake, maana mkono wa kushoto hakuutia dole gumba. Mlinzi wa geti, Aloyce, hukitazama kibao kwanza, ndipo humtazama mtu. Si mtu mbaya. Kazi yake ni kulinganisha tu.

Oliva alifika kwa bodaboda kutoka stendi, akiwa ametoka Namtumbo na basi la alfajiri. Alikuwa mjane. Shemeji yake Wendelini alikuwa anadai shamba la mahindi aliloachiwa na mumewe, na shauri lilikuwa linasikilizwa asubuhi hiyo. Asipoitika jina lake likiitwa, shamba linakwenda. Alitaka kuja na kitenge chake cha siku zote, lakini dada yake akamkatalia: ofisini mtu haendi na nguo ya kulimia. Akamvalisha gauni la harusini, zuri kweli, la kuishia magotini.

"Mama," Aloyce akasema, "magoti."

"Baba, naitwa sasa hivi humo ndani."

"Nakuelewa kabisa. Ila magoti."

Wendelini alipita katikati yao na suruali yake iliyochanika magoti yote mawili. Kwenye kibao hakuna mwanamume. Aloyce akamsalimia.

Oliva akakimbilia kwa Notburga. Vitenge vyote vilikuwa vimeshaingia ndani na wenye shida zao, kimebaki kimoja, cha kijani chenye maua ya njano. Mkono wa Oliva ulikuwa tayari kwenye kamba pale mgeni alipotokea.

Alikuwa mtalii, amekuja kupanda milima ya Matogoro, akahitaji mhuri kwenye pasipoti. Huko kwao walimwambia Afrika ni joto, akaamini, masikini. Alivaa kaptula fupi na fulana ya mikanda, na miguu yake ilikuwa imeota vipele vya baridi mpaka huruma. Aloyce alifungua geti lote na kupiga saluti. "Karibu sana, madam!"

Lakini mgeni hakuingia. Alikiona kibao, akajitazama, akawa mwekundu mpaka masikioni. Akaja kwa Notburga, akaongea Kiswahili cha kujifunza kwenye simu. "Shikamoo, mama. Mimi naitwa Hilda. Nataka kuvaa kwa heshima."

Basi hapo ndipo palipochangamka. "Hilda! Jina la kwetu hilo!" Notburga akapiga vigelegele. "Shangazi yangu Hilda, yuko Peramiho!" Waliokuwa wakinywa chai wakaacha vikombe. Mwenye bodaboda akazima injini ili aone vizuri. Kitenge cha kijani kikashuka kwenye kamba, na Oliva mwenyewe, kwa ile furaha ya kumwona mgeni anauliza badala ya kupiga picha, akamzungushia kiunoni, akamwonyesha namna ya kukunja pindo na kulichomeka ubavuni lisidondoke. Hilda alipiga hatua, akachuchumaa, akainuka, akacheka. "Joto!" akasema. "Na natembea vizuri!" Wakampigia makofi mpaka alipopotea ndani ya geti.

Ndipo Oliva alipoitazama kamba. Ilikuwa tupu.

Ndani, karani akaanza kuita majina.

Mwanamke wa kwenye kibao akashuka. Alishikilia fremu, akatanguliza mguu mmoja kisha mwingine, akapangusa vumbi kwenye sketi. "Shikamoo, mama," akamwambia Notburga.

"Marahaba. Baridi, eh?"

"Usiniulize." Akamgeukia Oliva. "Nitakuitikia mimi. Wewe nishikie nafasi, kibao kisikae kitupu."

Aloyce alimwangalia kwa muda. Sketi ilikuwa ni ileile iliyokatazwa, hilo halikuhitaji kulinganisha. Lakini huyu si mgeni wa ofisi, ni mali ya ofisi. Akamfungulia.

Oliva akavua viatu, akapanda. Juu kule palinuka mafuta ya taa. X ilimkaa sawasawa, mstari mmoja ukamkata kutoka begani hadi gotini, wa pili ukampita mdomoni, kwa hiyo Notburga alipomuuliza kama atakunywa chai, alijibu kwa macho. Alisikia jina lake likiitwa, akasikia sauti ikijibu, "Nipo!" Alitamani kurukaruka, ila alikuwa ameshachorwa.

Hilda alitoka wa kwanza, na kaptula yake; mhuri ameambiwa aurudie Alhamisi. Alimkuta yule mwanamke wa kibaoni kwenye korido akitetemeka kwa baridi, akamfunga kitenge kwa ufundi aliofundishwa. Aloyce akampigia saluti nyingine.

Kisha akatoka mwanamke wa kibaoni, kitenge mpaka kwenye vifundo vya miguu, uso unang'aa. "Wamekusikiliza," akamwambia Oliva akimpa mkono ashuke. "Wamesema shamba linaonekana ni lako. Ila panatakiwa alama ya dole gumba la kushoto, na mimi sina. Urudi nalo Alhamisi. Wasipolipata, shamba anapewa shemeji." Akapanda mahali pake. Kitenge hakukirudisha. Alisema ndiyo mara ya kwanza magoti yake kupata joto, na Notburga hakuwa na roho ya kumnyang'anya.

Alhamisi Oliva alifika mapema. Safari hii hakumsikiliza dada. Alivaa gauni la kitenge lililoshonwa mpaka chini, na dole gumba alikuwa amelisugua kwa sabuni.

Aloyce alikitazama kibao, akamtazama yeye.

"Mama," akasema, "kitenge."

Ilikuwa kweli. Kwenye kibao palikuwa na mwanamke aliyevaa kitenge, amepigwa X. Tangu Jumanne wanawake wa vitenge walikuwa wanarudishwa, na Notburga hakuwa na gauni la kumwazima mtu.

Hilda akatokea akikimbia kwa furaha, ameshonewa na fundi kitenge cha kijani kama kile cha Notburga, mpaka chini, na kilemba juu. Aloyce akafungua geti lote.

"Na huyo, mbona naye ana kitenge?" Oliva akauliza.

"Huyu ni mgeni. Yule pale juu kwenye kibao si mgeni, mama. Ni wa kwetu."

Ndani, karani akaanza kuita majina. Mwanamke wa kibaoni alikuwa ameshatanguliza mguu mmoja, na mkono wake wa kushoto bado hauna dole gumba. Oliva akavua viatu, akapanda.

Hilda alirudi na mhuri wake, akakumbatiana na Notburga. Alikuwa na furaha ya kweli, hata machozi yalimlengalenga. "Mama, sasa naelewa," akasema. "Ukivaa kwa heshima, watu wanakufungulia mlango!"

Oliva alitaka kumjibu, ila mstari wa rangi nyekundu ulikuwa umempita mdomoni.