Habari za Pampu

Pampu ya Kamwelo ilikuwa mbovu kwa miaka sita, na katika miaka hiyo sita haikuwepo karatasi hata moja iliyolijua jambo hilo.

Wanakijiji walilijua. Kamwelo ni kijiji cha jirani na Sitalike, ukingoni mwa hifadhi, na hapo mtu akikosa maji ya pampu hajakosa maji. Anao mto mzima wa Katuma. Tatizo ni kwamba mto huo una wenyewe. Mamba wake hawana haraka wala hawachagui mchotaji, na mwaka juzi walimchukua mke wa mtu mchana kweupe, ndoo ikabaki imesimama ukingoni, imejaa. Kwa hiyo ile pampu ya dizeli, iliyovuta maji kisimani na kuyapandisha kwenye tangi, haikuwa starehe. Ilikuwa ndiyo inayowarudisha wanawake nyumbani.

Katibu wa kamati ya maji alikuwa Hilaria, mama yake Benedikto, mjane wa miaka hamsini na saba, mwanamke aliyefunzwa adabu ikamkaa mpaka kwenye mifupa. Salamu kwake ilikuwa na jibu moja tu. Siku anamzika mumewe, watu walipomuuliza habari za asubuhi alijibu, "Nzuri," kisha akaendelea kulia. Ndivyo alivyolelewa na mama yake, mwanamke wa kabila la Wapimbwe, na ndivyo alivyomlea Benedikto, na alimshukuru Mungu kwamba hata mkwe aliyempata, Jeniffer, alitoka kwenye nyumba ya aina hiyohiyo.

Fundi wa pampu alikuwa Kasimiri. Huyu naye alikuwa na ugonjwa wake: hakuweza kuona kitu kimekufa akakiacha kizikwe. Pampu ilizima Jumatatu, Jumanne inaunguruma. Lilitoboka tangi la mafuta, akaziba kwa sabuni ya mche. Ulikatika mkanda, akakata mwingine kwenye tairi la trekta. Spea aliagiza kwa mdomo mara tatu kutoka Mradi wa Maji Tiririka, wenye ofisi yao mjini Mpanda, na mara zote tatu akaletewa kalenda.

Mwaka huu, mwezi wa sita mwishoni, Kasimiri alimfuata Hilaria nyumbani, akavua kofia. Alipovua kofia Hilaria alijua kuna msiba.

"Mama Benedikto, mimi nimefika mwisho. Ile mashine haivuki kiangazi hiki. Andika barua waibadilishe."

Hilaria aliiandika barua. Aliiandika vizuri, kwa kuanza na salamu nyingi kutoka Kamwelo, akaeleza kwamba wao hawajambo, akamalizia kwa ombi la pampu mpya. Jeniffer alikuwa na mimba ya miezi mitano, na Benedikto alikuwa kwenye vibarua huko ndani ya hifadhi, harudi mpaka kiangazi kiishe. Hilaria mwenyewe goti moja lilikuwa limekwisha. Pampu ikifa, wa kushuka mtoni nyumbani kwake alikuwa mmoja tu, na huyo mmoja alikuwa watu wawili.

Wiki ya kwanza ya Julai akaja Selestine, afisa tathmini wa Tiririka, kijana mwenye viatu visivyojua vumbi na kishikwambi mkononi. Hilaria aliketi naye kwenye benchi la ofisi ya kijiji, na kijana akafungua kishikwambi chake, akaanza kucheka kwa upole, kama daktari anayemwambia mtu kwamba haumwi.

"Mama, barua yenu imetushangaza. Nyie ndio mnaongoza. Katika miradi yetu yote, hakuna pampu yenye historia safi kama yenu. Tazama hapa. Miaka sita, taarifa ishirini na nne, zote zimeandikwa nzuri."

Hilaria alitazama. Neno *nzuri* lilikuwa limejipanga kutoka juu mpaka chini, mara ishirini na nne, kwa rangi ya kijani.

"Aliyewapa hizi ni nani?"

"Ni wewe, mama. Si huwa nakupigia kila baada ya miezi mitatu?"

Ni kweli alikuwa akipiga. Hilaria aliikumbuka simu yake, fupi kila mara. Habari za nyumbani? Nzuri. Habari za kazi? Nzuri. Habari za pampu? Nzuri. Na kila mara Hilaria akimeza mate ili aanze habari yenyewe, simu ilikuwa imeshakatika. Alidhani ni mtandao. Alidhani, kama mtu yeyote aliyezaliwa na wazazi, kwamba kwanza mnajuliana hali, halafu ndipo mtu husema kilicho moyoni. Kumbe kijana wa watu alikuwa anajaza fomu.

"Baba," alisema Hilaria, kwa hasira aliyoionea haya, "ile ilikuwa salamu."

"Ilikuwa tathmini, mama."

"Hukunisubiri niseme 'ila'! Mtu anasema nzuri, ila. Nzuri, ila mtoto anaumwa. Nzuri, ila nyumba imeungua. Nyie kwenu mnaishia kwenye nzuri?"

Selestine alisema kwamba kwenye mfumo hakuna sehemu ya 'ila'. Kuna sehemu tatu, na akazionyesha kwa kidole: Tengeneza, Karabati, Badilisha. Kitu kikiharibika kidogo kinatengenezwa. Kikichoka kinakarabatiwa. Kikifa ndipo kinabadilishwa.

"Na kinachokufa kila Jumatatu kikafufuliwa Jumanne?" Kasimiri aliuliza kutoka mlangoni.

"Hicho kinafanya kazi," alisema Selestine.

"Twende ukaione," alisema Hilaria.

Hapo sasa ndipo Kamwelo ilipojimaliza yenyewe. Ilikuwa imejulikana tangu jana yake kwamba mgeni anakuja. Wanawake walikuwa wamefagia kibanda cha pampu na kunyunyiza maji ili vumbi litulie. Kasimiri, alfajiri hiyo, alikuwa amelala chini ya mashine na spana, kwa sababu hakutaka mgeni aje kuwakuta katika hali ile. Mtu anaficha sufuria zilizotoboka mgeni akija, itakuwa pampu? Alivuta kamba mara moja tu. Mashine iliyokuwa ikigoma wiki nzima ikawaka kwa furaha, maji yakapanda kwenye tangi, na wanawake, jamani, wakapiga vigelegele.

Hilaria alifumba macho. Alitamani awachape wote, kuanzia na yeye mwenyewe.

"Mnaona?" alisema Selestine. Akagusa kishikwambi chake. "Mimi nitapendekeza karabati. Tutawaletea rangi."

"Rangi?"

"Ya bluu. Na kibao."

Kuna hasira inayomfanya mtu apige kelele, na kuna ile inayomtuliza kabisa. Hilaria alitulia. Alimgeukia Kasimiri, akamwambia mbele ya watu wote, "Fundi, zima. Halafu toa kila kilicho chako humo ndani. Cha mradi kiache."

Kasimiri alimtazama. Kisha akazima, akachuchumaa, akaanza kutoa. Alitoa mkanda wa tairi. Akatoa mipira ya baiskeli iliyobana mabomba, mirefu isiyokwisha, akiikunjua kama anayemfungua maiti sanda. Akatoa kifuniko cha birika, waya wa uzio, kopo la mafuta ya kula lililokuwa bomba la moshi, na kipande cha gunia. Akabandua sabuni, dizeli ikaanza kudondoka. Akatoa bolti moja kubwa, nyeusi, na hapo Ngusa, Msukuma wa ng'ombe wengi wa kule ng'ambo ya barabara, akapaza sauti.

"Bolti ya plau langu! Msimu mzima nimewapiga watoto wangu kwa ajili ya hiyo bolti!"

Alipomaliza, lundo la vitu vya Kasimiri lilikuwa kubwa kuliko kilichobaki kwenye saruji. Kilichobaki kilikuwa chuma fulani chenye kutu na kibao cha uzinduzi.

"Hiyo ndiyo pampu yenu," Hilaria alimwambia Selestine. "Hii nyingine ni ya kwetu. Sasa tathmini."

Selestine aliona. Si kwamba alikuwa mtu mbaya; alikuwa mtu wa fomu tu. Alikizunguka kile chuma mara mbili, akajikuna shingo, akaandika *haifanyi kazi*, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita rangi ya kijani ikageuka nyekundu. Watu wakataka kushangilia. Akawazuia kwa mkono.

"Bado. Mfumo unataka siku tisini mfululizo za kutofanya kazi ndipo ufungue sehemu ya Badilisha. Nikiandika hata siku moja kwamba imefanya kazi, tunaanza kuhesabu upya. Kwa hiyo, fundi, usiiguse."

"Siku tisini za kiangazi?" aliuliza Hilaria.

"Ndio utaratibu, mama. Nitapiga simu siku ya mwisho."

Akaondoka. Kijiji kikabaki na kazi ngeni, ya kulinda mzoga usije ukafufuka. Kamati ilikaa, ikakubaliana kuvumilia. Wanawake wakaanza kushuka mtoni kwa makundi, wakipiga madebe. Hilaria alimkataza Jeniffer kwenda. Alisema atakwenda mwenyewe na goti lake, na kwa siku chache alikwenda, akirudi na nusu ndoo.

Lakini alisahau kitu kimoja: Jeniffer naye alikuwa amelelewa vizuri. Mkwe gani anakaa kivulini huku mama mkwe anachechemea na ndoo? Watu wangesema nini huko kwao? Kwa hiyo siku ya hamsini na moja, Hilaria akiwa kwenye mkutano wa jumuiya ndogondogo, Jeniffer alichukua ndoo akashuka mtoni peke yake, na tumbo la miezi saba mbele yake.

Alirudi bila ndoo. Khanga ilikuwa imechanika kuanzia kiunoni mpaka chini, na upande wa chini haukuwepo. Alisimama uani akitweta, matope mpaka kifuani, na alipomwona mama mkwe anaingia alijaribu kupiga goti ili amsalimie.

"Shikamoo mama. Ndoo imepotea, mama. Naomba unisamehe."

Hilaria hakuitikia. Alimkamata, akamkagua mikono, miguu, tumbo, kama anayehesabu, na alipokuta kila kitu kipo alikaa chini uani palepale akalia kwa sauti. Alijiona mjinga. Miezi miwili karibu alikuwa amemlinda mtoto wa Benedikto kwa adabu, na pampu kwa utaratibu, na mto haukuwa na habari na kimojawapo.

Kisha akainuka, akaenda kwa Kasimiri na goti lake.

"Rudisha vyako vyote."

"Na siku tisini? Tumebakiza thelathini na tisa, Mama Benedikto. Tutaanza upya."

"Umesikia nilichosema."

Kasimiri, Mungu ambariki, hakuuliza mara ya pili. Tangu Julai alikuwa kama mlevi aliyenyimwa pombe. Hata Ngusa aliileta bolti yake mwenyewe, huku akinung'unika kwamba plau litasubiri mvua. Kesho yake saa nne asubuhi maji yalikuwa bombani, na hakuna mwanamke wa Kamwelo aliyeshuka tena mtoni. Kamati ilikaa tena, safari hii kwa dakika tano, ikaazimia kwamba hakuna aliyeona kitu.

Mwanzoni mwa Oktoba, jua linapasua kichwa, Hilaria alikuwa pale kwenye kibanda akipanga ndoo foleni. Mashine ilikuwa inanguruma nyuma yake na maji yanamwagika mbele yake, na simu ikaita. Alikuwa ni Selestine. Safari hii kijana alikuwa amejifunza. Alisalimia shikamoo, akaitikiwa marahaba, hakuuliza habari ya kitu chochote.

"Mama, leo ni siku ya tisini. Nijibu tu, pampu inafanya kazi au haifanyi?"

Wanawake kumi na wawili walimgeukia na ndoo zao. Jeniffer, tumbo likiwa karibu kushuka, alikuwa wa tatu kwenye foleni.

"Haifanyi," alisema Hilaria.

"Tangu ile siku?"

"Tangu ile siku, baba."

"Mbona kama nasikia maji yanamwagika?"

"Ni mto. Si mlitutuma huku?"

Kasimiri alikimbilia kuzima mashine, lakini ile, kwa kuwa ilikuwa haijawahi kutii mtu, ikakohoa na kunguruma zaidi.

"Mama, na hiyo ngurumo?"

"Viboko."

"Viboko? Mbona wako karibu hivyo?"

"Wako hapa nyuma yangu," alisema Hilaria, bila kupepesa jicho. "Ndiyo maana nakwambia, fanya haraka."

Akamsikia kijana wa watu anapumua kwa hofu, anagusagusa kishikwambi chake, anasema ameweka alama kwenye Badilisha, tayari, mfumo umekubali, na jamani mama ondoka hapo haraka. Hilaria alimshukuru sana. Alimtakia kazi njema na kumwombea baraka, akakata simu mwenyewe.

Uwongo ule hajauungama mpaka leo. Padri hufika kigangoni Jumapili ya pili ya kila mwezi, na kila akikaa kuungamisha, Hilaria huwa ana shughuli nyingine. Maungamo yanataka mtu ajute kwanza. Yeye ameamua kwamba ataanza kujuta pampu mpya ikishafungwa.